Ushuru wa Vitambaa vya Mchanganyiko

Majora ya vitambaa yanayoshushwa bandarini Kilindini hayatozwi ushuru kwa kutazamwa rangi, wala kwa jina aliloyapa muuzaji. Kila kitambaa kina namba yake katika kitabu cha ushuru, na namba hiyo ndiyo inayoonyesha kiasi cha kulipwa. Kwa pamba tupu kazi ni nyepesi. Shida huanza kwa kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za namna mbili au tatu, kama kile cha sare za shule, ambacho mara nyingi ni pamba na poliesta pamoja.

Mpango wa namba hizo si wa Kenya peke yake. Ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988, nao hutunzwa na Shirika la Forodha Duniani, lenye makao yake Brussels. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliufuata katika ushuru wao wa pamoja, ulioanza mwaka 2005.

Kanuni ya kwanza ni uzito. Nyuzi zinazozidi nyingine kwa uzito ndizo zinazokipa kitambaa fungu lake. Chenye poliesta ya nyuzi fupi 65 kwa mia na pamba 35 huingia Sura ya 55, ya nyuzi fupi zitengenezwazo viwandani. Chenye pamba 60 na poliesta 40 huingia Sura ya 52, ya pamba. Zikiwa nusu kwa nusu, hufuatwa sura iliyo ya mwisho kwa hesabu, yaani ya 55.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Aliyeagiza kitambaa chenye pamba 40 kwa mia, poliesta 35 na viskosi 25 hudhani kuwa ni cha pamba, kwa kuwa pamba ndiyo nyingi. Lakini poliesta na viskosi za nyuzi fupi ni za sura moja. Huhesabiwa pamoja kwanza, zikafika 60, nazo huishinda pamba.

Kisha hupimwa uzito wa mita moja ya mraba. Kitambaa chenye pamba chini ya 85 kwa mia, iliyochanganywa na nyuzi za viwandani, huwa namba 5210 kisipozidi gramu 200, na 5211 kikizidi. Kwa poliesta iliyochanganywa na pamba mpaka ni gramu 170: namba 5513 au 5514. Hutazamwa pia ufumaji wake, na kama ni cheupe, kimetiwa rangi, au kimepigwa chapa. Khanga, vitenge na vikoi vilipewa namba zake mbali, vikawekwa miongoni mwa bidhaa za kulindwa kwa ushuru mzito, ili viwanda vya hapa visizidiwe.

Yampasa basi mwagizaji, kabla ya kulipa fedha, kudai kiwandani hati yenye kuonyesha uzito wa kila namna ya nyuzi na gramu za mita ya mraba, pamoja na kipande cha mfano. Akiwa na shaka, aweza kumwomba Kamishna wa Forodha uamuzi mapema. Asiporidhika na uamuzi uliotolewa, sheria humpa siku 30 za kuomba uangaliwe upya.

Namba isiyo sahihi huleta madai ya ushuru uliopungua na shehena kuzuiliwa. Gharama hizo haziishii kwa tajiri. Huongezwa katika bei ya jora, zikamfikia fundi cherehani, na mwisho mzazi anunuaye sare ya mtoto.