Dimbwi la Mtaani Kwenu Liko Hai ama Lilishakufa? Wadudu Ndio Watakuambia

Kila mtaa uko na msee wa kusema, "Hilo dimbwi lizibwe, linatuletea mbu." Ngoja kwanza. Dimbwi lenye afya liko na jeshi lake la kukula mbu.

Cheki kereng'ende, huyo mdudu wa mabawa manne anayezunguka juu ya maji. Kabla aote mabawa, yeye huishi ndani ya maji, na viluwiluwi vya mbu ni msosi wake. Majitaka yakiingia, oksijeni inapungua na jeshi linakufa. Kiluwiluwi wa mbu hashtuki, juu anapumua hewa ya nje, wengi wao kwa mrija ulio mkiani. Kwa hivyo uchafu unamuua adui na kumwacha mbu akijibamba.

Nairobi Dam, kati ya Kibera na Lang'ata, ilijengwa 1953 iwe akiba ya maji. Kuna enzi watu waliendesha mashua za tanga hapo. Baadaye majitaka na takataka zikaingia, gugu maji likapata mbolea ya bure, likafunika maji. Dimbwi la mtaa linaweza kuenda hivyo hivyo, lakini dogo ni rahisi kuokoa.

Venye utalipima

1. Jipange. Vaa gambuti na glavu, juu konokono wa majini wanaweza kubeba kichocho. Usiende solo.

2. Chota. Funga chujio la jikoni kwa fimbo. Weka maji kidogo ya dimbwi kwa beseni nyeupe. Pitisha chujio kwa nyasi za ukingoni sekunde 30, pindua kwa beseni, tulia. Rudia sehemu tatu.

3. Soma. Ukiona watoto wa kereng'ende, vyura wachanga wenye mikia na mende wa maji wa aina tofauti, mambo ni fiti. Ukipata viluwiluwi vya mbu na minyoo-minyoo myekundu pekee, hiyo ni ngori. Huo wekundu ni himoglobini, kama ya damu yako. Inawasaidia kushika oksijeni kidogo iliyobaki.

4. Andika tarehe, mahali na idadi. Piga picha, zipakie iNaturalist, programu ya bure ambapo watu watakusaidia kujua ni mdudu gani. Kisha warudishe majini. Rudia msimu wa mvua na wa kiangazi, kwa njia ile ile, ndio ujue kama kuna mabadiliko.

Venye utalifufua

Anza na chanzo. Fuata mtaro hadi uone uchafu unatoka wapi, bila hiyo mtasafisha kila mwezi.

Gugu maji ling'olewe na lipelekwe mbali. Likiozea ndani, linamaliza oksijeni.

Msifyeke ukingo wote. Mtoto wa kereng'ende hupanda shina la matete ndio ajivue ngozi na atoke na mabawa.

Msiongeze samaki ovyo. Wengi watakula hao vyura wachanga na wadudu mnaotaka kuokoa. Na mambo ya kumwaga oil chafu ya gari ndio mbu wafe, wachaneni nayo. Inafunika maji na kuua kila kitu.

Na wale bado wanataka kuziba, wakumbuke mafuriko ya 2024. Maji ya mvua yakikosa dimbwi, yatatafuta keja ya mtu.

Chujio iko jikoni. Beseni iko. Kusanya mabeshte Jumamosi, mkaone nani anaishi hapo.