Manowari Inayoukimbilia Upepo

Nahodha wa jahazi katika mwambao wetu, tangu zama za kale, alizoea kuungoja msimu: kaskazi imteremshe kutoka Maskati na Hadhramauti hadi Lamu, Mombasa na Unguja, na kusi imrudishe kwao, wala hapakuwa na neema aliyoiomba zaidi kuliko upepo wa tezi, ulitunishe tanga na kumsukuma mbele bila ya taabu. Karne ya 20 ilileta baharini chombo kingine ambacho haja yake ni kinyume cha hiyo, nacho ni manowari ya kubeba ndege, ambayo ingawa haina tanga hata moja, na mitambo yake ina nguvu ya kuipeleka popote itakapo, aghalabu haiwezi kurusha ndege zake wala kuzipokea mpaka kwanza iutafute upepo ulipo, iuelekee uso kwa uso, na kuukimbilia. Katika masimulizi ya vita tunasikia sana habari za mabomu na ushujaa wa marubani, na kidogo mno habari za upepo; nami naona kwamba mtu anayeandika juu ya vita vya manowari hizi bila ya kusema upepo ulivuma kutoka wapi siku ile ameacha nusu ya kisa.

Asili ya jambo ni hii. Ndege hainyanyuliwi na kasi yake juu ya ardhi, bali na kasi ya hewa ipitayo juu na chini ya mabawa yake; wala bawa halibagui kama hewa ile inapita kwa sababu ndege inakwenda au kwa sababu upepo unavuma. Mtoto arushaye tiara hulifahamu hilo bila ya kufundishwa, maana siku ya upepo husimama tu akalegeza uzi, na siku ya shwari hana budi kukimbia. Tuchukulie ndege ambayo haiwezi kukaa angani ila hewa ipite kwenye mabawa yake kwa kasi ya kilomita 260 kwa saa. Katika uwanja wa nchi kavu, siku isiyo na upepo, ndege hiyo sharti ikimbie yenyewe mpaka ifikie kasi hiyo, na huko njia ya kurukia ina urefu wa kilomita mbili au tatu. Juu ya manowari hakuna wasaa huo: hata zile kubwa kabisa za Marekani hazifikii mita 340 kutoka omo hadi tezi, na manati ya mvuke irushayo ndege hupewa kiasi cha mita 90 na sekunde mbili tu za kuimaliza kazi yake. Basi ikiwa meli inakwenda kilomita 45 kwa saa, nao upepo unavuma kutoka mbele kwa kilomita 20, hewa inapita juu ya sitaha kwa kilomita 65 kabla ndege haijasogea hata shubiri moja, na kasi iliyobaki kutafutwa ni kilomita 195. Faida yake ni kubwa kuliko inavyodhihiri katika hesabu hiyo ya kutoa, kwa kuwa nguvu inayohitajiwa kukipa kitu mwendo, au kukizuia kisiendelee na mwendo, huenda kwa kipeo cha pili cha kasi yake. Kwa hiyo ikipungua robo ya kasi, nguvu inayobaki kutolewa ni sehemu 56 tu katika 100. Ndege ikiwa inatua, hesabu ni ile ile, na kamba za chuma zinazoinasa kwa kulabu iliyo chini ya mkia wake huokolewa na mzigo ambao pengine ungezikata.

Mtu wa kwanza kurusha ndege kutoka melini, Mmarekani Eugene Ely, nusura auawe kwa kuukosa msaada huo. Tarehe 14 Novemba 1910, huko Hampton Roads katika jimbo la Virginia, ndege yake iliwekwa juu ya ulingo wa mbao wenye urefu wa mita 25 hivi, uliojengwa mbele ya manowari iitwayo Birmingham, na azma ilikuwa meli iende mbele ikiukabili upepo ndipo yeye aruke. Lakini hali ya hewa ilikuwa mbaya, mvua ilikuwa ikipita na kurudi, naye alipoona mabaharia bado wanavuta mnyororo wa nanga, subira ikamwishia akaondoka meli ikiwa imesimama. Ndege ilitoka ukingoni ikazama moja kwa moja kuelekea majini, magurudumu yakagusa bahari, ncha za rafadha zikavunjika kwa kuyapiga maji, na ni kwa kudura tu ilipata kunyanyuka tena ikatua ufukweni karibu na hapo. Miezi miwili baadaye, katika ghuba ya San Francisco, Ely huyo huyo aliweza kutua juu ya meli nyingine, Pennsylvania, iliyokuwa imetia nanga, akinaswa na kamba zilizofungwa mifuko ya mchanga. Na mwaka ule ule wa 1911 alikufa katika ajali ya ndege nchi kavu.

Aliyedhihirisha kwa mwili wake kile ambacho upepo unaweza kutoa na kile unachoweza kutwaa ni afisa kijana wa Uingereza, Edwin Dunning. Tarehe 2 Agosti 1917, katika maji ya Scapa Flow kaskazini ya Uskochi, meli iitwayo Furious iliugeukia upepo ikaenda mbio, hata hewa iliyopita juu ya sitaha yake ikakaribia kasi ile ile ambayo ndege yake nyepesi ilihitaji ili isianguke. Dunning aliruka sambamba na meli, akalipita jengo la unahodha lililosimama katikati, kisha akasogea kwa ubavu mpaka akawa juu ya sitaha ya mbele. Na kwa vile yeye na meli walikuwa wakienda kwa mwendo ulio karibu sawa, ndege ilionekana kama iliyotundikwa hewani, ikashuka polepole, na maafisa wenziwe wakakimbia wakashika kamba zilizoning'inia mabawani wakaivuta chini kwa mikono yao. Hapajapata kutokea kabla yake mtu aliyetua juu ya meli iliyo katika mwendo. Siku tano baadaye alijaribu tena. Safari hii aliona amekwisha kwenda mbele mno, akawapungia mkono wenziwe wasimshike, akataka kuondoka apate kurudia. Injini ikamkatikia, ndege ikapinduka upande wa kulia wa meli ikaangukia baharini, na mashua ilipofika rubani alikuwa amekwisha kufa maji.

Msiba ule ukawafunza Waingereza kwamba upepo kuwa mwingi hakutoshi, ila sharti pia uwe umetulia. Waliiongezea Furious sitaha nyingine nyuma, ili ndege zitue kutoka tezini, lakini wakaliacha jengo la unahodha na dohani mahali pake katikati, na taksiri ikaonekana mara moja: upepo uliopasuliwa na jengo lile ulizunguka nyuma yake kama kisulisuli, ukachanganyika na hewa ya moto itokayo dohanini, na marubani wengi waliojaribu kutua waliziharibu ndege zao. Kwa ajili hiyo meli ya Argus, iliyomalizwa mwaka 1918, ilijengwa na sitaha tupu tangu omo hadi tezi, moshi wake ukipitishwa chini kwa chini na kutolewa nyuma. Baadaye jengo la unahodha lilirejea, lakini lilisogezwa ukingoni, upande wa kulia, na huko ndiko liliko hata leo.

Hata hivyo upepo uliovurugika haukuisha, na rubani wa leo anapambana nao kila siku. Sababu moja ni uvumbuzi mwingine wa Waingereza, ulioanza mwaka 1951 kwa fikra ya afisa Dennis Cambell, nao ni sitaha ya mshazari. Kabla yake, ndege ilitua ikifuata mstari wa meli yenyewe, na ile iliyokosa kamba ilijikuta ikielekea moja kwa moja kwenye ndege zilizoegeshwa mbele. Cambell alishauri njia ya kutulia ipindishwe kidogo kuelekea kushoto, na katika manowari kubwa za Marekani imepindishwa kiasi cha nyuzi 9, ili ndege iliyokosa kamba ipae tena juu ya bahari tupu. Ndiyo sababu rubani, magurudumu yanapogusa tu, huitia injini nguvu zote badala ya kuizima, mpaka ajue kwamba amenaswa. Tadbiri hii imeokoa roho nyingi. Lakini meli inakwenda kufuata omo yake, wala haifuati mshazari ule, na kwa hiyo njia anayoikusudia rubani inamkimbia kuelekea kulia muda wote anaposhuka, naye hana budi kuifuata kwa masahihisho madogo madogo mpaka dakika ya mwisho. Upepo unaozalishwa na mwendo wa meli nao humjia kutoka upande wa kulia, ukiwa umekwisha kupita kwenye jengo la unahodha na kuvurugika, na anapokaribia ukingo wa tezi, ndege hutaka kuzama ghafula mahali ambapo kuzama hakuna dawa. Nahodha stadi hujitahidi upepo wa asili umjie kidogo kutoka kushoto, ili huo na ule wa mwendo wa meli viungane kupita sawasawa juu ya njia ya mshazari. Yamkini msomaji atadhani kwamba siku ya shwari ndiyo siku njema ya kutua. Kumbe siku hiyo meli hulazimika kuutengeneza upepo wote kwa mitambo yake, nao wote hutokea kulia na kupita jengoni.

Joto nalo lina hesabu yake. Hewa ya moto ni nyepesi, mabawa hupata kidogo cha kushika na injini hupungukiwa nguvu, basi ndege ile ile yenye mzigo ule ule huhitaji upepo zaidi katika Ghuba ya Uajemi mwezi wa Agosti kuliko katika bahari za kaskazini. Tena Ghuba hiyo ni nyembamba: meli iukimbiliayo upepo wa shamali kwa saa moja imekwenda kilomita 50 au zaidi, na huko mbele kuna maji madogo, visiwa na mitambo ya mafuta, hata ikabidi ndege zisubiri huku meli inarudi nyuma kutafuta nafasi ya kuanza upya.

Haja hii ya kuugeukia upepo ndiyo iliyoandika mambo mengi ya vita. Meli iliyoshika njia moja iliyonyooka ni windo jepesi, na Waingereza walilipa gharama yake mapema, tarehe 17 Septemba 1939, magharibi ya Ireland, pale manowari yao Courageous ilipougeukia upepo ili kupokea ndege zake zilizokuwa zikirejea. Nyambizi ya Kijerumani iliyokuwa ikiinyemelea bila ya kuiweza iliona windo linageuka na kuja kupita mbele yake. Watu zaidi ya 500 walipotea. Tarehe 18 Aprili 1942 mambo yalikwenda kinyume, upepo ukawa rafiki: Wamarekani walirusha ndege 16 za mabomu, aina ya B-25, ambazo hazikuundwa kamwe kwa ajili ya meli, kutoka manowari ya Hornet zikashambulie Japani. Bahari ilikuwa imechafuka, upepo ukivuma kwa nguvu, nayo meli ikaukabili. Mistari miwili myeupe ilichorwa sitahani, mmoja wa gurudumu la mbele na mmoja wa gurudumu la kushoto, ili bawa la kulia lisiguse jengo la unahodha. Afisa mwenye bendera aliyatazama mawimbi, akairuhusu kila ndege iondoke omo ikiwa inashuka, ili ifike mwisho wa sitaha omo ikiwa inapanda. Kamanda wao, James Doolittle, alikuwa wa kwanza, akiwa na mita zisizozidi 150 mbele yake. Zote 16 ziliruka salama.

Wiki saba baadaye, katika mapigano na Wajapani huko Midway, upepo haukuwa upande wa Wamarekani. Asubuhi ya tarehe 4 Juni ulivuma dhaifu kutoka kusini-mashariki, na manowari za Kijapani zilikuwa upande mwingine. Kwa hiyo Admirali Raymond Spruance alilazimika kumpa adui kisogo na kukimbia kwa kasi, akirusha ndege zake huku akizidi kujitenga na wale aliotaka kuwapiga. Kila kilomita ya kujitenga ilitolewa katika mafuta ya ndege, na baadhi ya marubani waliishiwa mafuta wakashukia baharini. Wajapani, kwa upande wao, kila walipougeukia upepo ule walizidi kusogea kule walikokuwa wakienda.

Lakini kwangu mimi hakuna kisa kizito kuliko cha alfajiri ya tarehe 2 Mei 1982 katika Atlantiki ya Kusini, bahari ambayo mabaharia wa dunia nzima wanaijua kwa dhoruba zake. Manowari ya Argentina, Veinticinco de Mayo, chombo kilichojengwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili na kutumika kwanza kwa Waingereza, kisha kwa Waholanzi, ilikuwa imezigundua meli za Uingereza zilizokuja kuvirudisha visiwa vya Falkland, na ndege zake za Skyhawk zilikwisha kuandaliwa kwa mabomu. Upepo ukafa. Meli ile kongwe haikuwa na kasi ya kuziba pengo hilo, na manati yake isingeweza kurusha ndege ikiwa na mabomu pamoja na mafuta ya kwenda na kurudi. Kupunguza mabomu kulifanya shambulio lisiwe na maana, na kupunguza mafuta kulikuwa ni kuwatoa marubani mhanga. Shambulio likafutwa. Waingereza walikuwa na ndege za Sea Harrier, zenye kuruka kutoka sitaha iliyoinuliwa mwishoni na kutua wima, ambazo haja yao ya upepo ilikuwa ndogo mno. Mchana wa siku ile nyambizi yao iliizamisha meli ya Argentina, General Belgrano, watu 323 wakafa, na Veinticinco de Mayo ikarejeshwa karibu na pwani isitoke tena mpaka vita vikaisha.

Skyhawk zake zilipelekwa Río Grande, katika ncha ya kusini ya Argentina, na kutoka huko, mwendo wa mamia ya kilomita juu ya maji, zilikwenda tarehe 21 Mei zikaipiga manowari ya Kiingereza Ardent, iliyozama siku ya pili yake. Katika ndege hizo, tatu hazikurudi.