Pistoni ndani ya oveni

Mpwa wangu aliingia na pistoni mkononi, imefungwa kwenye gazeti kama samaki wa kukaanga. Bodaboda yake ilikuwa imenoki njiani, pale Tabata, na alipokunjua gazeti kisa chote kilionekana bila kuulizwa. Ubavu mmoja wa pistoni ulikuwa na mistari mirefu kutoka juu hadi chini. Alumini ilikuwa imesuguana na silinda mpaka ikalainika na kujibandika ukutani. "Mjomba, oili ilikuwepo," akasema. Kijiti cha kupimia oili kilisema vingine.

Fundi wa Gerezani alikwisha kutaja dawa ya kawaida: silinda ichongwe, pistoni ya ovasaizi inunuliwe, na ringi ziwe mpya. Mimi nikaongeza yangu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikifuatilia habari za Wamarekani wanaojenga injini za mashindano kwenye gereji za nyumbani, ambao hupulizia pistoni upako mweusi wa kupunguza msuguano, kisha huuoka kama mkate. Hapa palikuwa na pistoni moja na silinda moja. Nisingepata mahali rahisi zaidi pa kujaribia.

Kinachofanya kazi ndani ya upako huo ni molibdeni disalfaidi, madini meusi yenye kijivu yanayofanana mno na grafiti ya penseli. Watu waliyachanganya mawili hayo kwa karne nyingi, hadi mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alipoonyesha mwaka 1778 kwamba si kitu kimoja. Molibdeni imelala katikati ya matabaka mawili ya salfa, na matabaka hayo hayashikani kwa nguvu na ya jirani, kwa hiyo hutelezeana kama karata mpya mkononi mwa mchezaji. Grafiti nayo huteleza, ila hutegemea unyevu wa hewa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, brashi za kaboni za jenereta kwenye ndege zilizoruka juu sana, kwenye hewa kavu, zilisagika haraka hadi wahandisi wakashangaa. Molibdeni disalfaidi haina sharti hilo, na ndiyo maana hutumika hata kwenye vyombo vya anga za juu. Kwa pistoni, unga wake huchanganywa na resini inayoushikilia kwenye alumini. Viwanda vingi vya magari hufanya hivyo siku hizi: ukifungua injini ya kisasa, mara nyingi utaona baka jeusi ubavuni mwa pistoni.

Niseme mapema upako huu si kitu gani. Injini nzima yenye oili safi haisugui chuma kwa chuma kwa muda mwingi, kwani kuna utando wa oili katikati. Hatari iko pale utando unapokatika: sekunde za kwanza baada ya kuwasha asubuhi, wakati wa joto kali, au siku ambayo kijana amesahau oili. Upako ni wa nyakati hizo. Anayekuuzia kwa ahadi kwamba pikipiki itapanda mlima kama ina injini mbili, mwache aende.

Kazi yenyewe, robo tatu ni usafi. Niliosha pistoni mpya kwa petroli, nikasugua kwa sabuni, kisha nikaipasha moto polepole ili oili iliyojificha kwenye vinyweleo vya alumini itoke jasho. Halafu nikaziba mifereji ya ringi na tundu la pini kwa utepe unaostahimili joto, maana upako ukiingia humo ringi hukwama na pini haipiti. Kijana mwenye kompresa akanipulizia unga laini wa alumini oksaidi ubavuni, kwa mgandamizo mdogo, mpaka mng'ao ukaisha na uso ukawa na ukavu kama wa chaki. Upako unahitaji uso huo ili ushike. Asetoni ikamalizia, na kuanzia hapo pistoni haikupaswa kuguswa kwa mkono mtupu.

Nikaigusa. Kidole gumba kimoja tu, nikiisogeza iingie vizuri kwenye waya wa kuning'inizia. Nilipulizia, nikaoka, nikafurahi, na kesho yake baka la ukubwa wa ukucha likabanduka kama ganda la kitunguu, palepale kidole kilipopita. Ilibidi kuanza upya, tangu kwenye unga wa alumini.

Mara ya pili nilivaa glavu. Niliipasha pistoni mpaka ikawa vuguvugu, nikapulizia tabaka jepesi kiasi cha kuficha rangi ya alumini tu, na nikaoka kwa joto na muda ulioandikwa kwenye kopo. Hapo usitumie maarifa ya jirani, kwani kila resini ina joto lake.

Hesabu ndiyo inayowashinda wengi. Upako wangu ulikuwa na unene wa karibu mikroni 15, na unywele wa binadamu una kama 70. Ni mdogo, lakini pistoni ina pande mbili, kwa hiyo kipenyo kimeongezeka mikroni 30, na nafasi yote kati ya pistoni na silinda ya injini kama hii ni sehemu chache tu za mia za milimita. Isitoshe, pistoni si duara kamili. Imetengenezwa na umbo la yai kidogo, na hupimwa kwa maikromita ubavuni, upande unaokingamana na pini. Nilimpelekea mchongaji vipimo viwili, cha kabla na cha baada ya kupaka, naye akachonga silinda akivijua vyote. Ukuta wa silinda haupakwi kitu: mikwaruzo yake ya msalaba inatunza oili.

Sasa, oveni. Mama watoto alinikatalia ya jikoni kabla sijamaliza sentensi, na alikuwa sahihi. Baadhi ya upako huu una kiyeyushi kiitwacho NMP, ambacho Umoja wa Ulaya unakihesabu kuwa hatari kwa mimba. Mwingine una plastiki ya kuteleza iitwayo PTFE, ambayo ikipashwa moto kupita kiasi hutoa moshi unaoleta homa kwa mtu na kuua ndege wa kufugwa. Nilinunua oveni ndogo ya mtumba, nikaiweka nje upenuni, pamoja na barakoa ya kuchuja mvuke wa kemikali. Ya kitambaa haisaidii.

Msichanganye haya na chupa za "dawa ya injini" zinazomiminwa kwenye oili. Mwaka 1996 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliwashtaki watengenezaji wa Slick 50, dawa ya aina hiyo yenye PTFE, kwa madai yasiyo na ushahidi kuhusu kupunguza uchakavu wa injini. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kuachana na madai hayo.

Je, ningemshauri mwenye bodaboda afanye nilivyofanya? Hapana. Akinunua pistoni ambayo kiwanda kimekwisha kuipaka, na akabadilisha oili kwa wakati, amepata sehemu kubwa ya faida bila kuvaa barakoa. Kwa mpenda injini mwenye maikromita na Jumamosi mbili za bure, jibu langu ni ndiyo.

Pikipiki inatembea. Oveni iko stoo, na mlangoni nimeiandika kwa rangi nyekundu: SI YA CHAKULA.