Mguu wa tatu wa plagi usikatwe

Ukitoka Ngara au Biharamulo kwa rufaa ya kupimwa moyo Bugando, Mwanza, usishangae mhudumu wa mashine ya ECG akikuambia uweke simu mbali, usiguse chuma cha kitanda na utulie. Si usumbufu. Umeme wa moyo ukipimwa juu ya ngozi ni kama milivolti 1 tu, ilhali nyaya za ukutani zina volti 230. Umeme huo wa ukutani huuathiri mwili bila kuugusa, mwili ukawa kama antena, na karatasi ikatoka na mistari minene iliyojaa mawimbi 50 kwa kila sekunde. Daktari atasoma nini hapo?

Kinachosaidia ni waya wa athi. Unaanzia kwenye bodi la chuma la mashine, unapitia mguu mrefu wa plagi na kuishia kwenye fimbo ya shaba iliyochimbiwa ardhini. Vurugu nyingi za umeme huishia huko. Na waya wa moto ukilegea ukagusa bodi, umeme hupita njia hiyo na kukata fyuzi au swichi kuu, badala ya kumpitia mtoto aliyeshika mashine.

Mguu huo ndio watu hukata ili plagi iingie kwenye soketi ya matundu mawili. Kwa mashine ya oksijeni, tafadhali usikubali. Zipo mashine zinazotoka kiwandani na miguu miwili. Hizo huwa na alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake zimekingwa mara mbili na hazihitaji athi.

Kiangazi huzidisha tatizo. Udongo ukikauka, fimbo iliyochimbiwa juujuu haipitishi umeme vizuri, hivyo fundi umeme aipime wakati huo, si wakati wa masika. Ni msimu huohuo ambapo blanketi la nailoni hutoa cheche ukilivuta gizani. Mtoto anayepewa oksijeni mfunike kwa pamba, na kibatari, jiko na sigara vikae mbali naye.

Wodini usichomoe plagi ya mashine ili uchaji simu. Ukigusa bodi la mashine ukasikia kama ganzi au mchomo, toa mkono, wazuie wengine wasiguse na umwite muuguzi papo hapo, hata kama mama wa kitanda cha jirani anasema imezoeleka.