Stima Ikipotea Dukani, Malipo Utapokeaje?

Mwenye duka Lafey hahitaji kuelezwa giza ni nini. Kaunti ya Mandera haijaunganishwa na gridi ya taifa, kwa hiyo taabu yako si ile ya Nairobi. Nchi ilipozimika Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, shida ilikuwa kwenye gridi. Kwenye miji inayotegemea jenereta, stima inaweza kwenda kwa sababu mashine imekufa au lori la dizeli limekwama njiani, na hakuna wa kukuambia itarudi lini.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kupotea kwa stima si kupotea kwa mtandao. Mnara wa simu huwa na betri zake, mara nyingi na jenereta pia, hivyo saa za kwanza mtandao unaweza kuwepo. Kinachozima mapema ni simu yako. Kama unapokea malipo kwa simu kubwa yenye programu, nunua kabambe ya akiba. Menyu ya kubonyeza namba haihitaji intaneti, na betri ya kabambe hukaa siku kadhaa.

Pawabenki nayo ina hesabu yake. Iliyoandikwa 10,000 mAh haikupi zote, kwani nyingine hupotea wakati wa kuchaji. Tarajia kama 6,000. Hizo zitajaza simu kubwa ya 5,000 mara moja, lakini kabambe ya 1,000 utaijaza mara tano na chenji ikabaki. Ijaze mchana kwa sola, usingoje giza liingie.

Friji? Usiifungue ovyo. Ikikaa imefungwa, baridi hudumu kama saa nne, na kwa joto la huku hesabu pungufu. Maziwa yauze kwanza.

Sasa tuje penye hasara kubwa: mtandao wenyewe ukilala. Minara imewahi kulipuliwa katika kaunti hii, na hapo kungoja si kwa saa, ni kwa siku. Lakini hata mtandao ukiyumba kwa dakika kumi tu, pesa zinaweza kupotea. Mteja amenunua unga, sukari na mafuta, jumla shilingi 1,850. Anakuonyesha ujumbe kwenye simu yake kwamba amelipa. Yako iko kimya.

Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si malipo. Mtu anaweza kuuandika mwenyewe, au kukuonyesha wa juzi. Malipo ni yale yanayoonekana kwenye salio lako au kwenye orodha ya miamala ya till yako. Angalia huko. Wala usimwambie mteja atume tena kabla hujaangalia, maana mtandao ukirudi yote mawili yanaweza kuingia, na hapo kelele zinaanza.

Kama huwezi kuangalia, toa daftari. Andika jina, namba ya simu, kiasi, saa na namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wake. Halafu amua kama ni mtu unayeweza kumkopesha. Sisi tunaona bora kumwandikia deni jirani unayemjua kuliko kujidanganya kwamba umelipwa. Tumia ukurasa wake peke yake, usichanganye na madeni ya kawaida, ili mtandao ukirudi ulinganishe mstari kwa mstari. Ukiona miamala miwili yenye namba tofauti kwa bidhaa moja, ndipo urudishe pesa, na urudishe kwa laini ileile iliyotuma.

Mzigo wa Elwak au Mandera mjini ulipie mapema mtandao ukiwa mzuri, na ubaki na noti ndogo dukani. Wakala mwenye floti tele naye hana la kufanya mtandao ukilala.

Jambo la mwisho linasahaulika sana. Stima ikienda, watu hupeleka simu kuchajiwa kwa mwenye sola na kuziacha huko kutwa nzima. Kabla hujaiacha simu ya duka, toa laini uibaki nayo mfukoni. Na ile karatasi ya PIN uliyoibandika nyuma ya betri, itoe leo.