Tembo wanaovamia mashamba ni wale wale

MKULIMA anayekesha kwenye dungu akilinda mahindi huwaona tembo wote kuwa wezi. Shamba likiliwa, lawama huenda kwa kundi zima. Utafiti wa Amboseli, nchini Kenya, unaonyesha kwamba hesabu hiyo ina kasoro, na kasoro hiyo inamgharimu mkulima fedha.

Tembo wa Amboseli wanafahamika mmoja mmoja. Tangu mwaka 1972, Cynthia Moss na wenzake wamekuwa wakiwatambua kwa mikato ya masikio na umbo la pembe. Watafiti walipopima vinasaba katika kinyesi kilichoachwa mashambani, walikuta kuwa wavamizi ni madume, na baadhi yao hurudi tena na tena. Mama na watoto, ambao ndio wengi mbugani, si wao.

Tabia hiyo pia huambukizwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa dume kijana anayeandamana na mkubwa aliyezoea mashamba huelekea kuwa mvamizi naye. Na faida anaipata: walaji wa mazao walikutwa na miili mikubwa kuliko wenzao wa umri wao, na kwa tembo dume, mwili mkubwa ndio unaompatia majike.

Je, wakubwa wapigwe risasi? Tusiharakishe. Huko Pilanesberg, Afrika Kusini, tembo yatima waliokulia bila wakubwa waliua faru weupe zaidi ya 40 kati ya mwaka 1992 na 1997. Mwaka 1998 wakaletwa madume sita wazima kutoka Kruger, na mauaji yakakoma. Ukimwangusha dume yeyote aliye karibu, huenda umemwondoa anayewatuliza vijana, na mwizi wako bado yuko porini.

Kwa hiyo, kabla ya kudai tembo wapunguzwe, weka daftari: tarehe, saa, njia aliyoingilia, upana wa unyayo. Kijiji chenye kumbukumbu za msimu mzima kinaweza kumwonyesha ofisa wa wanyamapori ni dume yupi, na anapita wapi. Hapo ndipo pa kutundika mizinga ya nyuki kwenye waya, kila baada ya mita 10, badala ya kuzungushia shamba zima usiloweza kuligharimia. Asali nayo inauzika. Kifuta jasho kinacholipwa Tanzania, kama jina lake linavyosema, hakijawahi kuwa bei ya gunia.