Barafu, Ukungu na Msitu: Utafiti wa Pamoja juu ya Mlima Kilimanjaro

Mara nyingi katika mahubiri na katika mihadhara ya shule zetu husemwa kwamba barafu ya Kilimanjaro ikiisha, mito ya mlima itakauka. Mimi mwenyewe nimelisema jambo hilo mimbarani, tena si mara moja. Hoja yenyewe yaonekana wazi kwa macho: nyeupe ile iko juu, maji yanateremka, basi maji yametoka kwenye ile nyeupe. Katika makala hii nakusudia kueleza ni kwa nini watafiti waliofanya kazi mlimani kwa miaka mingi wamefikia hitimisho jingine. Tofauti hiyo si ya maneno tu. Aaminiye kwamba maji yake hutoka kwenye barafu hana la kufanya ila kutazama juu na kusikitika. Ajuaye kwamba hutoka msituni analo jambo lililo karibu na mkono wake.

Kilimanjaro ni mlima ambao wageni walianza kwa kuubishia. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliona kilele cheupe kutoka mbali, na mwongoza njia wake akamwambia kwamba kitu kile yeye hukiita "baridi" tu. Rebmann alielewa mara moja. Lakini habari zake zilipofika Ulaya, mwanajiografia William Desborough Cooley alizidhihaki, kwa kuwa aliona haiwezekani theluji ikae karibu na ikweta. Cooley hakuwa amefika Afrika Mashariki. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889 walikuta kreta ya Kibo imezungukwa na barafu karibu pande zote, na Meyer aliporudi mwaka 1898 aliona kwamba barafu imekwisha kupungua. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Klute na Oehler, walipima mlima kwa uangalifu mkubwa, na ramani iliyotokana na kazi yao ndiyo iliyokuwa kipimo cha wote waliofuata. Wasomaji wa jarida hili huenda wamesikia pia habari za Richard Reusch, mchungaji wa Kilutheri aliyeupanda mlima mara nyingi hata kreta ya ndani ikapewa jina lake. Yeye ndiye aliyempiga picha mwaka 1926 yule chui aliyekuwa amekauka katika baridi karibu na ukingo wa kreta.

Kwa kulinganisha ramani na picha hizo na vipimo vya sasa, jambo moja halina ubishi. Mwaka 1912 barafu ilifunika kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki kilomita za mraba 1.76. Watu wa Ohio, Marekani, wakiongozwa na Lonnie Thompson, walitoboa barafu hiyo mwaka 2000 wakatoa nguzo sita, na katika taarifa yao ya mwaka 2002 walieleza kwamba sehemu ya chini kabisa ina umri wa miaka 11,700 hivi. Walitabiri pia kwamba barafu yote ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, na mabaki ya barafu bado yapo. Wako waliotumia jambo hili kuwacheka wanasayansi. Naona si haki. Utabiri ulikosea miaka, lakini haukukosea mwelekeo.

Tukitaka kuelewa habari za maji, hatuna budi kuuliza barafu inapotea kwa njia gani. Mwaka huohuo wa 2000 Douglas Hardy wa Massachusetts aliweka mitambo ya kupimia hali ya hewa juu ya barafu yenyewe, naye alishirikiana na Waaustria wa Innsbruck, wakiwamo Georg Kaser na Thomas Mölg. Vipimo vilionyesha kwamba hewa ya kileleni kwa wastani ni baridi chini ya nyuzi 0, kwa hiyo si joto la hewa pekee linaloila barafu. Jua kali huzipiga kuta zake zilizosimama wima, na sehemu kubwa ya barafu hugeuka kuwa mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza, mfano wa nguo mbichi zinazokauka siku ya upepo wa baridi. Kilichoipunguzia barafu uhai ni ukame: karibu na mwaka 1880 hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilibadilika ikawa kavu zaidi, theluji mpya ikapungua, na barafu ikawa inatumia akiba isiyojazwa tena. Hii haina maana kwamba kuongezeka kwa joto duniani hakuhusiki. Bahari ya Hindi ndiyo iletayo unyevu wetu, nayo inabadilika pamoja na dunia nzima. Lakini ina maana kwamba sehemu kubwa ya barafu ile haiji kamwe mtoni. Inakwenda angani.

Na tufanye hesabu ndogo kwa ajili ya mfano. Tuseme barafu ya kilomita za mraba 2 inapungua unene kwa nusu mita kila mwaka, na tuseme yote, pasipo hata tone kugeuka mvuke, inateremka mabondeni. Tutapata mita za ujazo milioni 1. Tuiweke hesabu hiyo kando, tutairudia.

Mvua ya Kilimanjaro hainyeshi sawasawa. Mji wa Moshi hupata milimita 900 hivi kwa mwaka. Ukipanda upande wa kusini mvua huongezeka hadi kwenye mita 2,200 hivi, katikati ya msitu mnene, ambako hupita milimita 2,000. Kisha hupungua tena, na kule juu kabisa ni kama jangwa. Kwa hiyo msitu umekaa mahali hasa panapopokea maji mengi. Udongo wake mweusi na mizizi yake huyapokea, huyazuia yasikimbie, na kuyaachia polepole kwenye chemchemi ambazo babu zetu walizikinga kwa mifereji iitwayo mifongo. Maji hayohayo, baada ya kunywewa na kumwagilia, huendelea hadi bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani. Na upande wa kaskazini hupita chini ya ardhi yakaibuka katika vinamasi vya Amboseli nchini Kenya.

Lakini si mvua peke yake. Hapa ndipo mwanabotania Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth alipotoa mchango ambao naona ndio mkubwa kuliko yote. Juu ya msitu mnene kuna ukanda wa miti ya jamii ya erika, yenye majani madogo membamba kama sindano. Matawi yake hufunikwa na vijimea laini vya kijani na kuvumwani ndefu zinazoning'inia kama ndevu za mzee. Mahali hapo ukungu hupita karibu kila siku. Ukungu ukikutana na nyasi fupi hupita zake. Ukikutana na mamilioni ya majani membamba na ndevu hizo hunaswa, ukawa matone, nayo matone hudondoka chini hata siku ambayo mvua haijanyesha. Aliyewahi kupita katika ukanda huo asubuhi anajua jinsi nguo zinavyolowa pasipo mvua.

Sasa, ukanda huo umeteketea kwa moto. Kwa kulinganisha picha za kutoka angani na vipimo vyake vya ardhini, Hemp alionyesha kwamba msitu wa erika uliokuwa na kilomita za mraba 187 mwaka 1976 ulikuwa umebaki kilomita za mraba 32 hivi kufikia mwanzo wa karne hii. Mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita. Ukame uleule uliopunguza barafu umeyakausha majani, na binadamu ameleta cheche: warina asali wanaotumia moto, wawindaji haramu, na wapitaji wasio waangalifu. Katika makala yake ya mwaka 2005 alikadiria kwamba maji ya ukungu yaliyopotea kwa kupotea kwa miti hiyo ni mita za ujazo milioni 20 kila mwaka, sawa na maji ya kunywa na matumizi ya watu milioni 1 waishio mlimani, yaani lita 55 hivi kwa mtu kwa siku. Msomaji na alinganishe na ile milioni 1 ya barafu tuliyoiweka kando. Tulikuwa tunaililia ndoo wakati pipa linavuja nyuma yetu.

Hitimisho kama hili halipatikani kwa mtu mmoja wala kwa fani moja. Kati ya mwaka 2010 na 2018 kulikuwa na mradi mkubwa uliogharimiwa na shirika la utafiti la Ujerumani, DFG, ambao watafiti wenyewe waliuita kwa kifupi KiLi. Ulikuwa na kituo chake Nkweseko, Machame. Vyuo vikuu vya Würzburg, Bayreuth, Marburg na vingine vya Ujerumani na Uswisi vilishirikiana na taasisi za Tanzania, zikiwamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Sokoine, chuo cha wanyamapori cha Mweka, na taasisi ya utafiti wa wanyamapori, TAWIRI. Zaidi ya viwanja 60, kila kimoja mita 50 kwa 50, vilipimwa kuanzia nyika za mita 870 hivi hadi mita 4,550, vingine katika uoto wa asili, vingine katika mashamba ya mahindi, kahawa na vihamba. Jambo la busara lilikuwa hili: wote walifanya kazi katika viwanja vilevile. Anayehesabu nyuki alisimama pale pale aliposimama anayepima udongo, na anayeandika majina ya mimea alitumia kipimajoto kilekile cha anayesoma habari za popo. Ndiyo maana iliwezekana mwaka 2016 kulinganisha makundi 8 ya mimea na 17 ya wanyama kwa pamoja, na kuona kwamba kila kundi likitazamwa peke yake lina sababu zake, lakini yote yakitazamwa pamoja ni joto la mahali linaloamua zaidi wingi wa aina za viumbe. Mwaka 2019 ilionekana pia kwamba kilimo huidhuru nchi kavu ya chini vibaya sana. Mahali palipokwisha kuelemewa na ukame hapawezi kuvumilia mzigo wa pili kirahisi.

Katika kupanda na kushuka huko yalipatikana pia mambo ambayo hakuna aliyeyatafuta. Katika bonde moja la mlima kulikuwa na miti ya mkukusu, na mmoja wao ulipopimwa kwa mionzi ya leza ulifikia mita 81.5, hakuna mti wa asili uliowahi kupimwa Afrika uliouzidi. Kwa wenyeji ulikuwa mti mkubwa tu wa bondeni.

Habari za vihamba zastahili makala yake zenyewe. Katika bustani hizo za migomba na kahawa, chini ya vivuli vya mringaringa na mfuruanje, Hemp alihesabu aina zaidi ya 500 za mimea, na zaidi ya 400 kati yake hazikupandwa na mtu. Mengi ni mimea ya msitu iliyopata hifadhi kwenye shamba baada ya msitu kuondolewa. Mama anayeacha kangaga kando ya mfereji, na mzee aliyepanda isale mpakani ili jirani wasigombane, wametunza kitu ambacho hawakuulizwa kukitunza. Kila kihamba kinachokatwakatwa kuwa viwanja vya nyumba, au miti yake ya kivuli inapouzwa mbao, hupoteza orodha hiyo kimyakimya.

Sitaficha kasoro moja ya kazi hizi. Matokeo karibu yote yamechapishwa kwa Kiingereza, katika majarida ya ng'ambo yasiyofika Kibosho wala Rombo. Vijana wa vijijini walibeba mitambo, waliwaonyesha wageni njia na kuwatajia majina ya miti kwa Kichaga, na wengi wao hawajasoma hata ukurasa mmoja wa yale yaliyoandikwa. Mradi mwingine wa pamoja, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2020, unachunguza uhusiano wa watu na mlima, nao umewapa watafiti wa Tanzania nafasi kubwa zaidi katika uongozi. Ni hatua njema. Lakini kutafsiri ni kazi yetu pia, sisi tunaosimama mbele ya watu kila Jumapili.

Oktoba 2020 moto uliwaka tena juu ya mlima, ukaunguza karibu kilomita za mraba 95, na Oktoba 2022 ukawaka mwingine. Erika ina sifa moja ya kutia moyo: shina likiungua, machipukizi hutoka kwenye kisiki chini ya ardhi. Mvua mbili tatu zikipita, mteremko mweusi huanza kuwa kijani. Lakini machipukizi hayo huwa kichaka kifupi kwanza, na kichaka hakinasi ukungu kama mti wenye ndevu. Huhitaji miaka mingi bila moto ili kuwa msitu tena. Kukiungua mara ya pili kabla ya wakati huo, hurudi kuwa kichaka. Na mara ya tatu, huenda zikabaki nyasi. Wanaopima viwanja vya juu sasa wanahesabu machipukizi hayo, na wanaandika kimo chake kila mwaka.